Kinga ya Profesa

Alfajiri, mkewe alipokwenda kisimani, Profesa alinyata zizini kama mwizi wa kuku, ingawa zizi lilikuwa lake. Akawafungua ng'ombe wake wanne utepe wa njano uliokuwa shingoni, akawavalisha mwekundu. Ule wa njano akawafunga ng'ombe wanne wa mkewe, wale aliowarithi kwa mama yake.

"Mtanisamehe, mashemeji," aliwanong'oneza. "Kila mtu na chake."

Miezi miwili nyuma mbwa mwenye kichaa alimng'ata fahali wa jirani. Wiki iliyopita fahali akafa akichuruzika mate. Ndipo daktari wa mifugo akaja na utafiti wake: ng'ombe wanne wadungwe chanjo, wanne maji matupu, na baada ya mwezi damu ya wote ipimwe kuona kinga imepanda kiasi gani. Rangi ziligawiwa kwa kura. Daktari akaacha karatasi ya maelezo isainiwe.

Profesa alijua kila kitu duniani isipokuwa herufi, na hilo la herufi alilijua mkewe peke yake.

"Inasemaje?" alikuwa amemuuliza jana yake.

Mke aliisoma mara mbili kimyakimya, kisha akamtazama mumewe kama fundi anayempima mteja suti. "Nyekundu chanjo, njano maji. Wako ndio wa njano, baba watoto. Pole. Kura haina macho."

Macho alikuwa nayo Profesa.

Mke aliporudi na ndoo kichwani, alizitazama zile tepe, akapita. Profesa akajisemea: huyu hata rangi hazioni! Saa tatu daktari akafika, akawadunga wote wanane kwa kufuata rangi, akaenda zake. Profesa alishinda akipiga mluzi.

Wiki ya tatu, mchana kweupe, mbwa mwenye povu mdomoni aliruka uzio akamng'ata mguu ng'ombe wa Profesa, yule mwenye maziwa kuliko wote.

"Mwite daktari leo hii hii," mkewe alisema. "Amdunge mapema."

Profesa alicheka mpaka akajishika mbavu. "Unanifundisha kinga mimi? Huyu ana jeshi zima mwilini. Wahurumie wako!"

"Basi mwoshe hata kidonda kwa sabuni."

"Jeshi haliogeshwi, mama."

Mke akachukua ndoo yake, akaenda kisimani. Alikwisha sema mara mbili.

Mwezi ulipotimia, damu ikachukuliwa. Wiki kadhaa baadaye, siku daktari aliporudi na majibu, ng'ombe yule alikuwa hali wala hanywi, ute mrefu ukimning'inia mdomoni. Profesa alikuwa akiwaeleza majirani kwamba hayo ni mafua.

"Hongera, mama," daktari alisema. "Wako wote wanne wana kinga ya kutosha. Mzee, wako..." Akamtazama yule mgonjwa, akashusha sauti. "Sifuri. Wote."

"Umechanganya rangi!" Profesa alifoka. "Nyekundu ndiyo chanjo!"

Daktari akafunua ile karatasi na kumwelekezea kidole. "Mzee, si uliisaini mwenyewe? Imeandikwa hapa: njano chanjo, nyekundu maji."

Mke akamsogezea mumewe kiti.

"Kaa, baba watoto," alisema kwa upole. "Ukitetemeka hivyo, watu watadhani uliyeng'atwa ni wewe."