Mlango wa Pili wa Nguchiro

Fuko, fundi wa mashimo, alimchimbia Nguchiro nyumba ya mlango mmoja, akamwonya: "Ikiharibika niite mimi. Ukiichokoa mwenyewe, dhamana imekufa."

Mvua zikanyesha, maji yakaingia ndani. Nguchiro akamwendea. "Fundi, wanangu wanalala majini! Niruhusu nitoboe mlango wa juu."

"Usiguse, mama. Nitakuja."

Kila alipokwenda, jibu lilikuwa lile lile. Siku tope lilipoziba mlango, Nguchiro alitoboa dari kwa kucha zake, akawatoa watoto wakiwa hai.

Fuko aliposikia, alikuja mbio siku hiyo hiyo, akifoka. "Umeharibu kazi yangu! Dhamana imekufa!"

"Izike basi," alisema Nguchiro, akiwafuta wanawe tope. "Mimi leo nusura niwazike hawa."