Tunu Akata Lakiri

Ulipita dirishani kwa Tunu ukageuza shingo. Usiseme hukumsikia bibi akihema. Sheria unaijua: kiyoyozi cha nyumbani hakifunguliwi na mwenye nyumba. Kimefungwa kwa muhuri wa lakiri nyekundu, na fundi wa Mamlaka ya Ubaridi peke yake ndiye anayeikata. Kiyoyozi kilipoacha kupuliza, Tunu alimsubiri siku ishirini na sita, huku mkwewe, Bi Mafunda, akitokota chumbani kama muhogo.

Asubuhi hiyo Tunu akapanda stuli, akaikata lakiri kwa kisu cha vitunguu.

"Wakija, sema nimekutuma mimi," Bi Mafunda akamwambia kutoka kitandani. "Watanifunga wapi na meno yangu mawili?"

Chujio lilitoka na vumbi zito kama blanketi. Tunu akalisugua uani kwa sabuni ya unga na mswaki mkuukuu, akalirudisha. Kiyoyozi kikakohoa, kikapuliza. Bi Mafunda akavuta kanga hadi kidevuni, anacheka: "Tunu wee, utanigandisha!"

Jirani yao Hiza akachungulia juu ya ukuta. "Yaani ni kuosha tu?"

"Kuosha tu, shemeji. Miaka yote hii!"

Kufika adhuhuri ua umejaa majirani, povu na vigelegele, machujio yameanikwa kambani kama nepi. Ndipo kiyoyozi cha Tunu kikaanza kuyataja majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti ya upole, kikiwaripoti kwa Mamlaka. Hakuna aliyeacha kusugua.

Jina lako halikutajwa. Inuka, kata lakiri yako sasa hivi, ili gari la Mamlaka likifika likute mtaa mzima una povu mikononi.