Mshale Kwenye Tano

Tik, tik, saa ya ukutani ililia ndani ya sebule iliyotiwa giza na mapazia. Roselyne hakuwa amewasha taa. Alikuwa na simu mkononi, akichagua altimita yake ya kwanza, kile kifaa kinachomwonyesha mrukaji wa parachuti yuko juu kiasi gani. Achukue ya mshale au ya tarakimu?

Moyo wake haukuwa kwenye simu. Jumamosi, angani, mshale wa altimita ya kuazima ulifika kwenye tano, yaani futi elfu tano, kimo cha kufungua parachuti, naye akatulia kama mtu aliye kwenye kochi lake. Mwalimu aliyeruka naye ndiye aliyemfungulia.

"Uliganda kwa woga," alimwambia walipotua. "Ukirudia, sikurushi tena."

"Mama, baba anarudi saa ngapi?" bintiye wa miaka saba aliuliza kutoka mlangoni.

Roselyne aliimulika saa kwa simu. "Saa kumi na moja. Si ndiyo hii imefika?"

"Lakini mshale uko kwenye tano."

Roselyne alijishika mdomo. Tangu utotoni Kitui, akiona mshale kwenye tano, kichwa chake husema kumi na moja. Na kule angani kilisema vivyo hivyo: elfu kumi na moja, bado mapema, tulia.

Kumbe hakuganda! Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Akafungua picha ya altimita ya tarakimu, akampa simu bintiye, aliyekuwa akimsaidia mazoezi ya kuruka kila jioni. "Nisomee hii, kipenzi."

"Elfu tano, Mama, fungua parachuti."