Mstari wa Bluu

"Damu haijavuka mstari," daktari alisema. "Hatumpeleki kuzibwa mshipa. Tusubiri."

Mstari huo niliuchora mimi, muuguzi wake, asubuhi, kwa wino mweusi, kuzunguka damu iliyovilia tumboni kwa Bibi Gudveig. Kikohozi kilikuwa kimempasua mshipa ndani ya msuli, na dawa yake ya moyo haiachi damu igande. Dawa hiyo tulishaisimamisha.

Lakini mstari huu ulikuwa wa bluu. Na kovu lake la zamani, ambalo asubuhi lilikuwa nje, sasa lilikuwa ndani kabisa, limezama kwenye zambarau ya damu.

"Nani kachora hapa?"

"Mimi, mwanangu." Alishika kalamu yake ya chemshabongo. "Nilipooga wako ulifutika. Nikaurudishia pembeni mwa damu, kama ulivyofanya wewe."

"Na kengele ya kutuita?"

"Mna kazi nyingi. Sikutaka kusumbua."

Adabu hii yetu Wanorwe ndiyo iliyomzika mama yangu.

"Bibi, tusumbue," nilifoka. "Tuko hapa tusumbuliwe."

Kalamu ikamponyoka. Midomo yake ilikuwa myeupe kama shuka.

"Samahani," alinong'ona, akijaribu kuinama aiokote mwenyewe.