Ndoo ya Mugi

Meza ya maua ilitolewa stoo Jumatatu asubuhi, na Mugi alikuwa bado hajafa.

Tomoe Kuwabara aliiona ikipita mbele ya mlango wa jiko, imebebwa na makarani wawili wa ofisi. Katika bustani ile ya wanyama, kila mnyama anayekufa huwekewa meza langoni na picha yake juu, watu wa mji waje na maua na tunda alilolipenda. Makarani walikuwa wameshaifuta vumbi. Tomoe alikasirika, kisha akarudi kwenye ubao wake kukata viazi vitamu, maana hasira ya mpishi wa wanyama nani ataisikia?

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewapikia wanyama asiowaona. Watu wa jikoni hawakuruhusiwa kukanyaga upande wa wanyama, eti wasipeleke vijidudu. Nyuma ya ukuta wa jiko kulikuwa na chumba cha Mugi, orangutani mzee wa jamii ya sokwe, na kando yake ujia mwembamba wa mtunzaji. Tomoe alikuwa akiisukuma ndoo ya chakula kwenye kidirisha cha bati, anakifunga, basi. Siku moja ya mapumziko alikata tiketi kama mgeni yeyote akaenda kumtazama huyo Mugi. Akamkuta amewapa watu mgongo.

Lakini alikuwa na Sakaguchi. Kila alipomaliza ndoo, Tomoe aligonga ukuta mara tatu kwa mpini wa kisu, na mtunzaji Sakaguchi akamjibu kutoka kule: ngo, ngo, kisha ya tatu ikichelewa kidogo, kama ya mtu mwenye haya. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya kutwa. Nyumbani kulikuwa na wali, supu, achari ya figili na televisheni. Hata Jumanne, siku ya Sakaguchi kupumzika, jibu lilikuja. Tomoe akaelewa kwamba mwanamume yule anaiacha nyumba yake siku ya mapumziko aje kazini, na hakumwambia mtu. Chako cha pekee hukianiki.

Mara moja tu alithubutu. Kwenye karamu ya kufunga mwaka, pombe ya mchele ikiwa imempa ulimi, alimwinamia.

"Bwana Sakaguchi, asante kwa kunijibu kila siku."

Sakaguchi akainama chini kuliko yeye. "Hapana, Bibi Kuwabara. Mimi si wa kushukuriwa."

Adabu hiyo Tomoe aliishi nayo miaka mingi, akiitoa na kuitazama kila alipozidiwa na upweke.

Septemba Sakaguchi alianguka nyumbani kwake, moyo ukasimama. Mazishini Tomoe alikaa safu ya mwisho pamoja na wakata tiketi, akalia kidogo, kiasi anachoruhusiwa mtu wa jikoni. Kesho yake alikata machenza, akaisukuma ndoo, akakiweka kisu chini. Agonge, amgongee nani?

Siku hiyohiyo Mugi aliacha kula.

"Anamlilia Sakaguchi," alisema Daktari Ninomiya, na hakuna aliyebisha. Walimpa Mugi kofia ya marehemu. Walimpigia sauti yake iliyorekodiwa. Ohata, mtunzaji mpya, alivaa hata buti zake, zilizomzidi saizi mbili. Mugi alikaa kutwa ameuelekea ukuta wa nyuma, na ndoo ikarudi ilivyokwenda. Tomoe aliimwaga, akaiosha, akamwonea uchungu. Walikuwa wamefiwa na mtu mmoja, na yeye angalau alikuwa akimeza wali.

Zilipita siku kumi na moja. Jumatatu ile ya meza, saa nane mchana, daktari aliingia jikoni na Ohata nyuma yake.

"Mama Kuwabara, ndoo ya leo itengeneze vizuri," alisema daktari. "Asipoigusa, kesho asubuhi nitamdunga sindano ya mwisho. Figo zinakataa. Siwezi kumwacha ateseke."

"Na machenza usisahau," Ohata akadakia.

"Nimeyasahau lini? Wewe umekuja hapa juzi."

"Samahani, mama."

"Na hizo buti uvue. Unatembea kama bata."

Daktari alitaka kucheka, akashindwa. Akageukia sinki akaanza kuosha mikono iliyokuwa safi.

Tomoe alikata polepole. Viazi vitamu vya mvuke, kabichi, yai moja, machenza matatu. Aliyamenya yote, ingawa Mugi alijua kumenya mwenyewe. Aliisukuma ndoo, akakifunga kidirisha. Ohata hakwenda kuipokea. Alibaki ameegemea jokofu, ufunguo wa ujia ukining'inia kiunoni, anatazama zile buti. Upande wa pili hapakuwa na mtu.

Tomoe akakichukua kisu. Alijua ni upuuzi, na mbele ya watu. Lakini mazishini alikaa nyuma mno, hakupata kumwambia Sakaguchi neno, na kesho hata ndoo hii haitakuwepo. Alitaka kumuaga tu. Akageuza kisu akagonga ukuta kwa mpini, mara tatu.

Jokofu likanguruma, likatulia. Daktari akafunga bomba.

Kisha ukuta ukajibu: ngo, ngo, na ya tatu ikachelewa kidogo.