Jina la Bwenini

"Kinyaa!" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka meza ya mbele, na bwalo zima likaangua kicheko. "Jamani, mnamkumbuka Kinyaa?"

Mama Dobi alikitua kikombe chake. Miaka thelathini na miwili tangu wamalize shule, wanawake wazima wenye wajukuu, na hilo ndilo la kwanza kukumbuka! Ptuu!

Tangu aingie alikuwa amekereka. Ana duka la kufua nguo, na jicho lake halikosi doa: kola iliyoganda poda, kitambaa cha meza chenye mchuzi wa jana, mmoja analamba vidole kisha anawashika wenzake mikono. Bwalo lenyewe la shule lilinuka vilevile kama zamani, maharage na matambara mabichi. Na walipomwona tu, wale wa meza ya dirishani walinyamaza, wakajikusanya, wakampisha. Viti vya jirani yake vilibaki vitupu mpaka mwanamke mpole mwenye miwani alipokuja kuketi, akawamiminia chai Mama Dobi na binti yake aliyekuja naye, bila maneno mengi.

Asingekuja. Binti yake, kitinda mimba, ndiye aliyeng'ang'ania: "Mama, hujawahi kunisimulia hata siku moja habari za shule yako." Hakumsimulia kwa makusudi. Kwa mtoto huyu yeye alikuwa mama asiye na kasoro, na alitaka abaki hivyo hivyo. Jina lile lisimfikie masikioni, basi. Saa mbili tu, kisha waondoke zao.

Sasa lilikuwa limemfikia.

"Kikojozi yule!" yule wa meza ya mbele aliendelea, akijifuta machozi ya kucheka. "Siku ile akavishwa shuka lake bichi kichwani, akazungushwa bweni zima, sisi huku tunapiga ndoo!"

"Na kuimba!" mwingine akadakia. "Kinyaa, Kinyaa!"

Wakagonga vijiko mezani, meno nje, makombo ya keki midomoni. Harufu ya shuka lile ikamjia Mama Dobi puani waziwazi. Watu hawa hawana haya hata chembe?

"Mama," binti alinong'ona, "Kinyaa ni nani?"

"Twende nyumbani."

"Mbona ghafla hivi?"

"Nimesema twende, mwanangu. Mahali hapa pananitia kichefuchefu."

Binti alimtazama: jasho kwenye paji la uso, midomo mikavu, vidole vimeng'ang'ania mkoba. Macho yake yakajaa machozi.

"Ni wewe," akasema. "Maskini mama yangu! Kumbe ndiyo maana hukutaka kusema. Ndiyo maana kutwa unafua, kutwa unasugua."

Binti akamkumbatia, naye akajiachia akumbatiwe, uso begani kwa mtoto, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapumua vizuri.

Lakini binti yule hakulelewa kunyamaza. Alisimama kwa kishindo, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Shikamooni, mama zangu," alisema kwa sauti ya kukata. "Hamwoni hata aibu? Mnamcheka mtoto aliyedhalilishwa, na mwenyewe amekaa humu humu anawasikiliza! Haya, nani alimpa jina hilo? Asimame nimwone."

Vijiko vikatulia. Hakuna aliyesimama. Mmoja mmoja walimtupia macho Mama Dobi, kisha wakayainamisha mezani.

"Mwanangu, keti, tafadhali," Mama Dobi akamvuta mkono. "Yameshapita hayo."

"Hayajapita! Asimame!"

Mwanamke mwenye miwani aliweka birika chini. Akakiinua kile kiti kilichoanguka, akakifuta kwa kiganja, akamsogezea binti.

"Keti, mwanangu," akasema. "Kinyaa ni mimi. Jina hilo alinipa mama yako."