Ngiri na Vifaranga vya Wavunaji

Kikohozi kilipokwisha porini, Ngiri aliwaita ndege waje kuvuna karanga zake kama zamani. Hakuja hata mmoja, na mvua ilikuwa karibu kuziozesha. Akamwendea Kanga, msimamizi wao, akafoka, "Mmezoea kukaa bure, siyo?"

"Bure, bwana mkubwa?" akajibu Kanga. "Bibi Kobe aliyetutunzia watoto alikufa kwa kikohozi kile. Tuwaache na nani? Na Mwewe?"

Ngiri akasema, "Waleteni kwangu."

Ndege wote wakaenda shambani. Mwewe alishuka, akaona meno ya Ngiri mlangoni pa shimo lake, akaenda zake. Mvua iliponyesha, karanga zilikuwa ghalani, na Ngiri alikuwa shimoni hathubutu kujigeuza, maana vifaranga wamesinzia mgongoni pake.